Ukurasa Uliochanwa kwenye Daftari la Boila

3 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimefika salama, ila kiuno kimekufa ganzi kwa kukaa ndani ya basi kutwa nzima. Najua unavyonisema huko: wenzake wakipata likizo wanakwenda kustarehe, yeye anafunga safari kwenda kutazama kutu. Cheka tu. Ofisini nachora majengo ambayo hayajajengwa. Mwezi mmoja kwa mwaka naomba niyaone yale yaliyokwisha kuishi.

Juzi nilikuwa kwenye karakana ya zamani ya reli, wamezilaza injini zote kama wagonjwa wodini. Leo nimeingia kwenye nyumba ya aliyekuwa mwenye kiwanda cha nguo, juu ya kilima. Vyumba kumi na vinne. Kwa ile ngazi ya mbao ungetokwa na machozi, maana nimepiga magoti nikatafuta msumari, sikuona hata mmoja. Kila kiti kimezungushiwa kamba nyekundu. Meza imeandaliwa kwa watu kumi na wawili, sahani, visu, vitambaa, na hakuna atakayekaa hapo mpaka kiama. Bibi aliyetutembeza alitueleza habari za mapazia kwa robo saa. Nikamuuliza kuhusu kiwanda chenyewe, akasema, "Ule ni upande mwingine, una tiketi yake." Lakini dirisha la bafu limetazama bomba la moshi la kiwanda, moja kwa moja. Bwana mkubwa alikuwa akioga huku anauangalia moshi wake.

Tarehe sita nakwenda huko chini.

Naandika barua kwa sababu simu ya nyumbani Mjomba anaidaka kabla haijalia mara mbili, na akishaidaka, safari inakuwa yake. Mwambie Mama nakula vizuri. Tangu Baba atutoke mwaka jana, kila nikiingia kwenye nyumba kuukuu namwona akinisikiliza kwa ule ukimya wake, halafu mwishoni ananiuliza kama paa linavuja.

Mdogo wako,
Chiriku


6 Juni

Chiriku,

Barua yako nimeipata leo mchana. Mimi si mtu wa kuandika, unanijua, mkono wangu umezoea randa. Basi nitakwenda moja kwa moja.

Usiende kwenye hicho kiwanda. Nimesikia ni gofu tupu, paa linaweza kumwangukia mtu muda wowote, na wanachowaonyesha watu ni vyuma na mavi ya popo. Kuna fundi mwenzangu alipita huko, anasema alijuta. Kwa nini usiende kule pwani kwenye mnara wa taa ulioniambia? Ngazi zake mia na kitu, utafurahi. Au rudi tu nyumbani. Mama ana kikohozi. Si kikubwa, lakini kipo.

Mjomba anakusalimu. Anauliza uko mji gani hasa. Nimemwambia sijui.

Ikiwa umeshakwenda, niandikie mimi. Usimwandikie Mama.

Kaka yako


6 Juni

Kaka,

Nimetulia kwanza ndipo nikashika kalamu, ila naona mwandiko wangu bado unakwenda ovyo.

Nimekwenda kiwandani leo asubuhi. Tulikuwa watu saba. Anayetembeza watu kule ni mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, sauti nzito, alikuwa mfumaji hapohapo tangu msichana. Wafanyakazi wa zamani ndio waliokigeuza kiwanda kuwa makumbusho, kwa mikono yao. Ukumbi wa kufumia umebaki kama ulivyoachwa, mitambo themanini imejipanga, mingine bado ina nyuzi. Akauwasha mmoja. Kelele zake zilinitikisa meno. "Sasa zidisha mara themanini," akasema, "halafu niulize kwa nini sote tunaongea kwa sauti ya juu." Watu wakacheka.

Kisha akatupeleka kwenye chumba cha boila, na hapo hakuchekesha mtu. Ukuta mmoja haupo. Boila yenyewe, lile tangi la chuma la kutengenezea mvuke wa mitambo, imepasuka na kufunguka kama kopo lililopigwa shoka. Miaka thelathini na mmoja iliyopita ililipuka, ukuta ukawaangukia wafumaji wa mstari wa kwanza. Wanawake wanne walikufa. Picha zao ziko pale, kila mmoja na shada lake la karatasi.

Pembeni kuna picha kubwa ya wafanyakazi wa zamu. Mwanaume mmoja amezungushiwa duara la rangi nyeupe kichwani. Chini yake kuna kibao: "Mwangalizi wa boila. Aliacha lindo lake asubuhi ya mlipuko. Uchunguzi ulimwona na hatia ya uzembe."

Kaka, ameshika kofia mkononi. Sikio lake la kushoto limejikunja juu, kama lako. Anasimama vilevile, bega moja limeshuka kana kwamba limebeba ndoo.

Nikamuuliza yule mama, "Huyu alikwenda wapi?"

"Alifungwa mwaka na nusu. Alipotoka akaichukua familia yake wakapotelea mbali. Sitaki kujua." Kisha akaonyesha picha ya pili kwenye zile nne. "Huyu ni dada yangu. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja. Asubuhi ile aliniachia nusu ya sabuni."

Nikaomba maji ya kunywa.

Mimi Baba aliniambia alikuwa karani wa stoo ya mbegu. Aliniambia nimezaliwa njiani, wakihama. Unakumbuka alivyokuwa hawezi kukaa jikoni sufuria likiwa limefunikwa? Anakuja, anaondoa mfuniko, anakwenda zake, na Mama anaurudisha bila kumtazama. Tulidhani ni vituko vya uzee, lakini alikuwa hivyo tangu nikiwa mdogo.

Wewe ulikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa na miwili, siwezi kuwa na kumbukumbu, wewe unazo. Huyu ni Baba au siye?

Chiriku


10 Juni

Chiriku,

Ni yeye.

Nilikuwa na miaka kumi, lakini kumi yenyewe ni ya mtoto aliyeambiwa aende kucheza. Nakumbuka kishindo. Nilidhani ni radi, nikatazama juu, jua linawaka. Nakumbuka tukaambiwa Baba amekwenda kozi. Kozi ya mwaka na nusu. Nilijivuna shuleni, nikasema baba yangu akirudi atakuwa injinia. Alirudi amenyolewa kipara, tukahama siku ya tatu.

Ulichosoma kwenye kibao ndivyo ilivyokuwa. Aliondoka kazini. Alitoka nje kuvuta sigara, mambo yakaharibika. Binadamu anateleza. Ameshafungwa, ameshafukuzwa, ameshakufa. Hakuna kilichobaki cha kumdai.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na mimi si mtu wa kukuomba mara kwa mara. Funga begi uondoke mji huo. Usiongee zaidi na yule mama. Usimwambie wewe ni nani, utamuumiza bure na utajiumiza wewe. Na ukirudi, tuizike habari hii hapohapo ilipo. Mama anaishi na Mjomba kwa raha zake, wanabishana habari za redio, wanapokezana gazeti. Wamezeeka. Waache.

Kaka yako


15 Juni

Kaka,

Sikuondoka. Nimechukua chumba nyumba ya pili kutoka lango la kiwanda.

Nimefanya jambo baya na nitakuambia, maana sina mwingine wa kumwambia. Nilirudi kwa yule mwongozaji nikamwambia kazi yangu ni kuchora majengo, na kwamba ningependa kuwachorea chumba cha boila kama kilivyokuwa, waning'inize ukutani. Alifurahi mpaka akanishika mikono. Sasa kila siku nakaa pale na rula yangu, mchana ananiletea chai, ananisimulia. Ameniletea hata aproni ya marehemu dada yake niione rangi. Ananiita mwanangu. Ninakunywa chai yake, Kaka, na uso nilionao ni wa Baba.

Lakini kwa ajili ya mchoro alinifungulia kabati la nyaraka. Humo kuna madaftari ya zamu ya boila, miaka sita mfululizo, yote kwa mwandiko wa Baba. Zile "k" zake zenye mkia. Kila nusu saa ameandika: maji yako wapi, mvuke uko wapi, kuni zimebaki ngapi. Kila nusu saa, kwa miaka sita. Karibu wiki tatu za mwisho ameandika kila siku: "Valvu ya usalama inavuja. Nimetoa taarifa." Valvu hiyo ndiyo inayotoa mvuke ukizidi, na siku kumi na tisa ameandika maneno hayohayo. Halafu siku ya mlipuko hakuna. Ukurasa umechanwa. Umechanwa kwa uangalifu, kwa rula, umebaki ukingo mwembamba kama ukucha.

Mtu anayeandika kila nusu saa kwa miaka sita hatoki kwenda kuvuta sigara. Tena Baba alikuwa akivuta sigara lini? Wewe ulimwona na sigara lini?

Na kuna la pili. Chini ya kila ukurasa msimamizi wa zamu ameweka saini. Saini hiyo siijui kwa kusikia, naijua kwa kuiona. Iko kwenye ripoti zangu zote za shule, kwa sababu Baba alikuwa anaondoka kabla hatujaamka na aliyekuwa akitusainia ni mtu mmoja. Duara, mstari chini yake, nukta mbili.

Mjomba alikuwa msimamizi wa Baba. Hajawahi kusema amekanyaga kiwanda chochote.

Niambie ukweli. Safari hii usiniambie niende kwenye mnara wa taa.

Chiriku


20 Juni

Chiriku,

Nimeirarua barua hii mara tatu.

Nilikudanganya. Baba hakuvuta sigara hata siku moja. Nilitafuta uongo mdogo nikaokota ule.

Mwaka jana hospitali, siku mbili kabla, alinituma nyumbani nikamletee kile kitabu chake cha kutengeneza pampu. Nilidhani mawazo yamemhama. Akakifungua mwenyewe, akatoa karatasi iliyokunjwa, akanipa. Ni ukurasa wenyewe. Nakunakilia, ila naruka mistari ya maji na kuni ya kila nusu saa:

"Saa 1.00. Valvu ya usalama inavuja. Nimetoa taarifa.
Saa 2.10. Msimamizi amefika. Ameamuru valvu ifungwe kwa waya mpaka shehena ya leo imalizike. Nimemwambia ni hatari. Ameamuru mara ya pili. Nimefunga.
Saa 3.30. Geji ya mvuke iko kwenye alama nyekundu. Nimepunguza kuni.
Saa 3.50. Geji imepita alama. Namfuata msimamizi aruhusu waya ukatwe."

Na chini pana saini. Mjomba alikuwa ameshaitia saa mbili, alipotoa amri.

Baba aliniambia alikuwa katikati ya uwanja, daftari kwapani, anakimbia kuelekea ofisini, ndipo ilipolipuka. Kwa hiyo ni kweli hakuwepo mahali pake. Jioni ile Mjomba alimfuata, akamwambia: ukurasa huu ukionekana tutafungwa wote wawili, mimi kwa kuamuru na wewe kwa kufunga, na dada yangu atabaki na watoto wawili na hana mtu. Ukurasa ukitoweka, atafungwa mmoja. Chagua, nibaki nje mimi au wewe. Baba akauchana. Nilimuuliza, kwa nini wewe? Akasema, "Mimi ndiye niliyeushika ule waya. Mikono yangu inaukumbuka." Kisha akasema, usimpe mama yako.

Ndiyo maana Mjomba alitulisha mwaka ule na nusu, na miaka iliyofuata. Ndiyo maana alikuwa akisaini ripoti zako. Mimi benchi la kwanza la useremala nilinunuliwa na yeye. Nimempenda yule mzee, Chiriku. Bado nampenda, na tangu mwaka jana kila nikimwamkia asubuhi natazama viatu vyake.

Mama hajui. Anachojua ni kile kilichoandikwa kwenye kibao cha huko. Karatasi iko kwenye droo ya benchi langu, chini ya patasi. Usiniombe niitume. Nilimwahidi mtu anayekata roho.

Kaka yako


24 Juni

Binti yangu,

Nimeandika mwenyewe, kwa hiyo vumilia herufi.

Sisomi barua za watu. Lakini kaka yako alikuja kula, akaacha koti kwenye kiti, barua yako ikachungulia mfukoni, na jicho langu likaangukia neno boila. Neno hilo halijatamkwa ndani ya nyumba yangu kwa miaka thelathini na mmoja. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Kisha nikaenda karakana.

Kaka yako alikuwa anapiga randa. Nikamwambia, "Lete ukurasa."

Akasema, "Mama, ukurasa gani?"

"Ule ambao mdogo wako anauulizia. Unao. Ungekuwa huna ungeshanisimulia jambo hili kama kichekesho."

Akakaa chini kwenye vumbi la mbao, mtu mzima yule, akalia. Sikumbembeleza. Nikafungua droo moja baada ya nyingine mpaka nikaupata.

Mchana nilimpakulia mjomba wenu chakula chake. Alipomaliza kunawa nikausoma kwa sauti, saa moja, saa mbili na dakika kumi, saa tatu na nusu. Hakuniuliza nimeutoa wapi. Alikuwa anatazama mikono yake.

Akasema, "Niliahidi nitawalea. Niliwalea au sikuwalea?"

Nikasema, "Uliwalea. Hukuniambia kwa nini."

Akasema, "Ningekuambia, ungenipenda?"

Nikakusanya vyombo. Nimemjua tangu yuko mgongoni kwangu, lakini sikujua jibu la swali hilo na hata sasa silijui.

Sasa nikuambie langu, maana usidhani mimi ni mtu wa kuonewa huruma. Baba yako alipotoka gerezani sikumuuliza chochote. Nilimpikia, nilimfulia, nilimwuguza. Lakini nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba nimeolewa na mtu aliyetoroka kazi watu wakafa. Wale wanawake niliwajua, mmoja alinisuka nywele siku ya arusi yangu. Sikuwahi kukaa naye nje jioni. Akija, nakumbuka kitu jikoni. Nilidhani kunyamaza kwangu ni kumsitiri. Nilikuwa namhukumu kila siku, na yeye akiketi pale peke yake, ananiacha nimhukumu, ili nibaki na ndugu yangu.

Nakuja. Nitafika Jumamosi, tarehe tatu, kwa basi la asubuhi. Ukurasa ninao kifuani. Mwambie yule mama wewe ni nani kabla sijafika, nisikukute unajificha.

Mama yako


3 Julai

Kaka,

Najua hulali, kwa hiyo nakuandikia leoleo.

Yule mwongozaji nilimwambia jana Ijumaa. Alikuwa anafagia ukumbi wa kufumia. Nikasema, "Mama, yule mtu wa kwenye duara ni baba yangu." Alifagia mstari wote mpaka mwisho, akarudi, akasema, "Toka." Nikaacha michoro yangu mezani nikatoka.

Leo Jumamosi nikampokea Mama kituoni. Ana begi moja na amevaa viatu vyake vya misibani. Hakutaka kupumzika. Tukalipa tiketi kama watu wote, akakataa tuingie bure. Yule mwongozaji alituona akageuza uso, akatutembeza na kundi lililokuwepo kana kwamba hatupo. Mama alimsikiliza mwanzo mpaka mwisho. Alimsikiliza hata alipokuwa anasoma kile kibao.

Wageni walipoondoka, Mama akabaki mbele ya zile picha nne. Akamtaja kila mmoja kwa jina la utani alilokuwa nalo kazini. Yule mwongozaji akasimama mlangoni. Mama akautoa ukurasa kifuani akampa.

Aliusoma akiwa amesimama. Miwani ilimteleza, hakuirudisha.

"Kwa hiyo waya aliufunga yeye," akasema.

"Aliufunga yeye," Mama akasema.

"Angeweza kukataa."

"Angeweza."

"Na huyu aliyeamuru. Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anakula wapi?"

"Kwangu," Mama akasema. "Ni ndugu yangu, tumezaliwa tumbo moja."

Nilidhani atatufukuza. Akavuta kiti akakaa. Akasema, miaka yote hii wageni wakiuliza nani alaumiwe mimi nawaonyesha duara, na nikishawaonyesha napata kupumua kidogo. Sasa mnaniletea wa pili, nipumue kwa kumwonyesha nani? Mama akavuta kiti cha pili kando yake. Wakakaa. Mimi nilisimama kwenye ule ukuta ambao haupo, natazama uwanja. Kutoka pale mpaka ofisi ya msimamizi ni hatua mia moja na arobaini. Nilizihesabu. Baba alikuwa amefika katikati.

Mwishoni yule mama akauliza kama ukurasa unaweza kubaki. Mama aliushika kwa muda, upande wake na yeye wa kwake, halafu akauachia. Hawakupeana mikono.

Mama amelala sasa. Kabla hajalala amesema, "Kaka yako alitunza ahadi, usimnunie." Sijakununia kwa ukurasa. Nimekununia kwa ile sigara. Ulimpa Baba kosa ambalo hakulifanya, wewe uliyemshika mkono akikata roho. Nitaacha kununa, lakini nipe muda.

Chiriku


10 Julai

Chiriku,

Ninastahili.

Mama amerudi. Anampikia Mjomba, anampa dawa zake, na hazungumzi naye. Redio haifunguliwi. Jana alinyanyuka mezani akasema amekumbuka kitu jikoni, kisha akasimama palepale mlangoni, akarudi, akakaa mbele yake. Hakunyanyuka tena mpaka yule mzee alipomaliza kula. Sijui maana yake nini. Nimeona tu nikuambie.

Mjomba amedhoofika. Aliniomba karatasi na kalamu, akaandika siku mbili, akinifukuza nikikaribia. Kisha akanipa bahasha imefungwa, imeandikiwa yule mwongozaji wa kiwanda. Akaniuliza, "Utaipeleka posta au utaificha?" Nikaipeleka mbio, nikaitumbukiza kabla sijafikiri.

Bado namwamkia kila asubuhi. Sijui kama nafanya vizuri.

Kaka yako


28 Agosti

Kwa mchoraji,

Michoro yako ilibaki hapa. Nimeiweka kwenye fremu, kwa sababu ni mizuri na kwa sababu chumba kilikuwa hivyo hasa. Nilikuambia utoke. Siombi radhi, lakini siku ukipita huku mlango uko wazi.

Kibao cha zamani tumekitoa. Tulibishana kamati nzima wiki tatu. Wapo waliotaka baba yako aondolewe lawama yote, nikakataa. Wapo waliotaka mambo yabaki yalivyo, nikakataa pia. Sasa kinasomeka: "Valvu ya usalama ilikuwa mbovu kwa siku kumi na tisa na taarifa ilitolewa kila siku. Msimamizi aliamuru ifungwe kwa waya. Mwangalizi wa boila aliifunga. Alipoona hatari alikwenda kuomba ruhusa ya kuifungua. Wanawake wanne walikufa." Ukurasa uko chini yake ndani ya kioo. Duara nimelikwangua mwenyewe kwa wembe, ilinichukua asubuhi nzima, na limeacha kovu kwenye picha.

Nilipokisomea wageni mara ya kwanza, bwana mmoja aliniuliza, kati ya hao wawili nani mkosaji zaidi. Zamani nilikuwa na jibu. Nilimwambia matembezi yamekwisha, atoke kwa mlango wa kulia.

Mama yako ameniandikia mara mbili na nimemjibu mara moja. Tunaandikiana habari za marehemu, nani alipenda kuimba, nani alikuwa mchokozi. Habari hizo sikuwa na wa kuzungumza naye.

Mjomba wenu naye ameniandikia. Bahasha ni nene. Iko kwenye kabati la nyaraka, rafu ya madaftari, haijafunguliwa. Nimesikia kwa mama yako kwamba anaumwa, na kwamba kila posta ikija anauliza kama nimejibu. Mwambieni barua yake imefika. Nitaisoma siku nitakayotaka mimi, na huenda siku hiyo yeye hatakuwepo.

Mwongozaji wa kiwanda